Jina Lenye Mwenyewe Mwamkulu

Wenzangu wa darasa la Jumatano, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, nami nimemjibu kila mmoja kipande chake. Mama Furaha anajua habari ya maji. Dada Esta anajua habari ya lori. Sasa vipande vimeanza kuungana vyenyewe, na juzi sokoni nimesikia eti huko Katavi nilitoa pepo. Sikutoa pepo lolote. Ndiyo maana nimekaa niandike safari yote kama ilivyokuwa, tangu nilipotoka hapa Dodoma mpaka Jumapili ile, ambayo hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Kilichonipeleka mnakijua. Mwinjilisti Gaspari wa kanisa dogo la Kasekese aliomba mwalimu wa semina ya akina mama, somo likiwa majina ya Mungu katika maandiko ya Kiebrania. Nikachaguliwa mimi, niliyesoma Kiebrania chuoni zamani na kukisahau karibu chote isipokuwa hayo majina.

Tabora hadi Mpanda

Hadi Tabora hakuna la kusimulia. Shida ilianzia mbele ya Sikonge, tulipoukaribia mto Koga. Mvua za Machi zilikuwa zimemwagika huko juu, na maji yalikuwa yanapita juu ya barabara, mekundu, yanabeba matawi. Basi likasimama nyuma ya malori. Dereva akazima injini, akavua viatu, akalala. Hapo nikajua safari imeahirishwa.

Tulikaa kutwa. Wenyeji walitokea msituni kwa baiskeli wakiuza asali kwenye chupa za maji na uyoga wa kuchemsha. Nilikula uyoga ule kwa mkono, bila chumvi, na ulikuwa mtamu kuliko nyama. Kando yangu alikaa mzee mmoja mwenye kuku watatu ndani ya kikapu.

"Unaenda kufundisha nini huko kwetu?" akaniuliza.

"Majina ya Mungu."

"Kwani ana mangapi?"

"Mengi. Elohimu, El Shadai, Adonai, na lile kubwa la herufi nne ambalo Waebrania hawalitamki."

Akageuka mzimamzima. "Hawalitamki? Sasa limeandikwa la nini?"

Nikamweleza kwamba msomaji wa Kiebrania akifika penye zile herufi nne, macho yanaliona jina lenyewe lakini mdomo unasema "Adonai", yaani Bwana wangu. Analiruka kwa heshima. Nikamweleza kwamba hata kwenye Biblia yetu, kila mahali neno BWANA lilipoandikwa kwa herufi kubwa tupu, chini yake kuna lile jina lililofunikwa.

Mzee akawaza, akamrudishia kuku mmoja kichwa ndani ya kikapu. "Mimi nina mawili tu," akasema, "na kila nikienda ofisini wanayachanganya."

Tulicheka. Maji yalipungua jioni, tukavuka taratibu. Nataka mkumbuke tu kwamba nilimweleza mtu huyo jambo hilo kwa kinywa changu mwenyewe, na nilimweleza vizuri. Maana yaliyofuata yalinikuta kama sijawahi kulisikia.

Makanyagio

Mpanda nilipokelewa na binamu yangu anayeishi Makanyagio. Asubuhi nilimwita kijana wa bodaboda anipeleke kununua chaki na karatasi kubwa za kuandikia. Nilikuwa nayakariri masomo yangu kwa sauti, na yeye akadhani nataja ninakokwenda.

"Adonai?" akasema. "Adonai ziko mbili mama. Kuna ya saluni na kuna ya kuchaji simu. Unataka ipi?"

Nilidhani ananitania. Lakini tulipokuwa tunapita mitaani nilianza kusoma vibao, nikashangaa. El Shadai ilikuwa inauza misumari na saruji. Yehova Yire ilikuwa genge la nyanya. Pikipiki iliyotupita ilikuwa imeandikwa Elohimu kwenye kipande cha raba kinachozuia tope, na tope lilikuwa limelifunika jina lote isipokuwa ile E.

"Haya majina mnayajua maana yake?" nikamuuliza.

"Ni ya baraka," akajibu. "Biashara inasonga."

Binamu alinipikia wali wa Mwamkulu, kijiji cha jirani, kwa samaki wa migebuka wa kukaanga. Akaniambia nile sana, maana mpunga wa Mwamkulu unanukia ukiwa bado shambani. Nilikula mpaka nikafungua kitambaa cha kiunoni. Sikujua kama kabla ya wiki kwisha nitafika Mwamkulu kwenyewe, tena bila hamu ya kula chochote.

Kwenda Kasekese

Gari la Kasekese lilikuwa lori linalokwenda kuchukua mahindi. Lami iliisha, likaanza vumbi, kisha tope, kisha mahindi pande zote mpaka macho yanachoka. Tulikwama mara moja kwenye korongo na tukashuka wote kusukuma, mimi na magauni yangu ya semina.

Nilifikia kwa mama Yustina, Mbende, kabila la wenyeji wa huko, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alinivua viatu kwa mikono yake, akaviosha. Kanisa lilikuwa la matofali ya kuchoma lenye madirisha yasiyo na vioo. Gaspari mwenyewe ni kijana wa Iringa, mwembamba, aliyeletwa pale miezi michache tu kabla yangu. Alikuwa na bidii ya mtu anayeogopa kushindwa.

Akina mama walijaa. Walikuwepo Wabende, Wafipa, Warundi wachache, na Msukuma mmoja peke yake. Wasukuma wengine wa pale wanakaa mbali na ng'ombe zao na wana mahali pao pa kusali. Huyu mmoja aliitwa Minza. Mume wake, Masanja, alikuwa machungani, huko ambako simu haifiki. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume mwenye mashavu, ambaye kila mtu alimwita Babu kwa sababu mama yake alimwita hivyo. Jumapili ile Minza na mtoto walikuwa wabatizwe.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Niliwafundisha kuhusu Hajiri, mjakazi aliyefukuzwa akiwa na mimba, aliyekaa kando ya chemchemi jangwani akampa Mungu jina: Mungu anionaye. Niliwafundisha kuhusu Musa, aliyeuliza jina mbele ya kijiti kinachowaka akajibiwa kwa neno lenye maana ya kuwako tu. Mama Yustina akapiga kelele, "Kumbe ni kama mtu akibisha hodi unamwambia, niko!" Watu wakacheka na kupiga makofi. Nikawaeleza habari ya zile herufi nne. Nilijiona mwalimu.

Siku ya pili nikaja na zoezi. Kila mmoja asimame aseme kwao wanamwitaje Mungu. Mfipa akasimama: "Leza." Mrundi akasimama: "Imana." Kila jina liliposemwa tulilirudia wote, nami nikaliandika kwenye karatasi ukutani. Ikafika zamu ya Minza.

Alisimama. Akafungua mdomo. Akaufunga, akashika ncha ya kanga akaziba nayo midomo.

"Usione haya, mama Babu," nikamwambia. "Kwenu mnamwitaje?"

"Siwezi kulitaja," akasema kwa sauti ndogo.

"Umelisahau?"

"Hapana. Lina mwenyewe."

Nilidhani sijasikia. Gaspari, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasimama. "Lina mwenyewe? Jina la Mungu lina mwenyewe? Mwenyewe nani?"

"Yuko Mwamkulu," akasema Minza.

Jamani! Mama aliyekaa mbele yangu alijivuta nyuma na benchi lake. Gaspari alikuja mbele kwa hatua ndefu. "Kuna mtu Mwamkulu amekukataza kumtaja Mungu?"

"Hajanikataza. Ni heshima."

"Heshima kwa nani? Amekufunga kwa nini? Kwa damu? Kwa dawa?"

Minza aliangalia chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, na maswali yalikuwa yanamjia kama mawe. Mama Yustina, yuleyule aliyenioshea viatu, akasimama na kumtoa mtoto mgongoni mwa mama yake. "Pepo lisije likamrukia mtoto," akasema. Mtoto akalia. Mama Yustina akamkumbatia, akamuuliza Minza, "Mtoto huyu jina lake kamili ni nani? Tumwombee kwa jina."

"Babu," akasema Minza.

"Babu si jina! Jina lake!"

Minza akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. "Nalo siwezi."

Mama asiyeweza kutaja jina la mwanawe wa kumzaa? Watu wakamzunguka. Wakamwekea mikono kichwani, Gaspari akipaza sauti, "Taja! Taja jina la Mungu!" na wengine wakiitikia, "Taja!" Walimsukuma kichwa mbele na nyuma. Yeye aliuma mdomo wa chini, akauma mpaka damu ikachuruzika kwenye kidevu, na hakutoa sauti hata moja. Damu ile ilipoonekana, sauti zikazidi, maana walidhani ndilo lenyewe linatoka.

Nami? Nilisimama na chaki mkononi. Nilishikwa na bumbuwazi kiasi kwamba nilipokuja kusema, "Mwacheni, mwacheni jamani," walikuwa wameshachoka wenyewe.

Kasekese hadi Mwamkulu

Gaspari alikata shauri. Hakuna ubatizo mpaka huyo mwenyewe wa Mwamkulu aonekane na kifungo kivunjwe. Mimi nilikuwa na haki ya kupanda gari langu nikarudi Dodoma. Lakini zoezi lilikuwa langu, na usingizi ulinikataa. Asubuhi nikasema nakwenda nao.

Tulidhani Minza atakataa. Alimfunga mtoto mgongoni, akajifunika kanga safi, akasema neno moja, "Twendeni." Njia nzima hakusema lingine. Mdomo ulikuwa umevimba. Lori lile la mahindi ndilo lililotubeba, safari hii limejaa, tumekaa juu ya magunia. Gaspari alikuwa na Biblia kifuani na midomo yake ilikuwa inacheza, anaomba. Nilimwonea huruma. Nilipomgawia Minza chungwa alilipokea kwa mikono miwili, akammenyea mtoto, yeye mwenyewe asile.

Tulishukia Mpanda mjini tukachukua bodaboda mpaka Mwamkulu. Nilitegemea nini? Nilitegemea kibanda chenye vitambaa vyekundu, mikia ya wanyama na moshi. Tulikuta mji mpana wa familia uliofagiliwa, zizi kubwa, mashamba ya mpunga yanayong'aa maji, na bibi mmoja anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juani. Minza hakuingia uani. Alisimama pembeni mwa zizi, akapiga magoti, akageuza uso upande wa pili. Bibi yule alipomwona alitupa ungo akamkimbilia.

Mzee akatoka nyumbani na fimbo yake. Mrefu, amenyooka, kofia ya pama kichwani. Gaspari akapiga hatua moja mbele.

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Mwenyewe wa nini?" akauliza mzee. "Kama ni wale ng'ombe walioingia kwenye mpunga wa watu, wale si wangu. Nimeshamwambia mwenyekiti."

"Siyo ng'ombe. Mwenyewe wa jina."

"Jina gani?"

"Jina ulilomfunga nalo mama huyu asilitaje."

Mzee alimwangalia Minza aliyepiga magoti kule, kisha akatuangalia sisi mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nani kati yetu ana akili.

"Kijana, umeoa?"

"Bado," akasema Gaspari.

"Ndiyo maana. Huyo ni mke wa mwanangu Masanja. Mimi naitwa Seba. Sasa anitaje mimi, baba mkwe wake, kama anavyoita mbuzi?"

Niliona tu jasho likishuka shingoni mwa Gaspari.

Nikauliza mimi. "Mzee, samahani. Seba maana yake nini kwa Kisukuma?"

"Seba ni bwana. Mwenye mji. Hata Mungu tunamwita Seba. Babu yangu alinipa jina hilo, si la kujipa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mimi," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Amepewa jina langu."

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti, nilikaa tu pale mchangani na gauni langu. Kule Koga, mbele ya yule mwenye kuku, nilieleza kwa ufasaha jinsi msomaji anavyoliona jina kwa macho na mdomo ukaliruka kwa heshima. Siku ya kwanza ya semina niliwaeleza akina mama, na Minza alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatikisa kichwa kukubali. Bila shaka alidhani nimemwelewa. Bila shaka ndiyo maana kesho yake alisimama bila woga akasema, lina mwenyewe. Kwao ukisema hivyo mtu yeyote anajua ni jina la mkwe, ananyamaza. Sisi tulimshika kichwa.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameuona ule mdomo. Akasema kitu kwa Kisukuma, kwa ukali. Mzee akageuka.

"Amefanya nini mdomoni?"

Gaspari akainamisha kichwa.

"Nimeuliza, mkwe wangu amefanywa nini?"

Nikamweleza yote, maana Gaspari hakuweza. Nilipofika mahali mtoto alipotolewa mgongoni, mzee aliichomeka fimbo yake ardhini ikasimama yenyewe.

"Mlimnyang'anya mjukuu wangu," akasema polepole, "kwa sababu mama yake ananiheshimu."

"Tulikosa, mzee," Gaspari akasema. Alikuwa ameshapiga magoti bila mimi kuona. "Nilikosa mimi. Hao wengine walinifuata."

"Basi rudi kwenu. Mke wa mwanangu atakaa hapa mpaka mumewe arudi. Na kanisani kwenu mtoto huyu hakanyagi."

Hapo akasema Minza. Hakumgeukia mzee. Alimwambia mama mkwe wake, lakini kwa sauti ya kusikika na wote, tena kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie.

"Mama, mwambie baba. Yule wangu wa kwanza tulimzika hajapewa jina. Hata ninapomlilia sijui nimlilie nani. Huyu nataka jina lake lisemwe kanisani, watu wote wasikie, yuko hai."

Mama mkwe hakuhitaji kumwambia mtu. Mzee alisimama muda mrefu anaangalia mpunga wake. Ndege walikuwa wanashambulia shamba na hakuwafukuza.

Gaspari akajaribu. "Mzee, kwetu anayemleta mtoto ndiye anayelitaja jina. Baba yake hayupo. Ungemruhusu tu mama alitaje, mara moja, mbele za Mungu."

"Naweza kumruhusu," akasema mzee. "Na baada ya hapo yeye ataniangalia vipi, na mimi nitamwangalia vipi?"

Kule kando ya zizi Minza alikuwa anatikisa kichwa: hapana.

"Hilo jina ni langu," mzee akasema mwishowe. "Nitalipeleka mwenyewe. Sasa kaeni mle."

Tuliletewa michembe kwa karanga na maziwa mgando kwenye kibuyu. Minza na mama mkwe walikula ndani, sisi nje. Nilionja kidogo tu. Gaspari alishika bakuli mpaka nzi wakaanza kulizoea.

Kurudi Kasekese

Nilirudi na Gaspari na Minza siku iliyofuata. Mzee alisema atakuja kwa usafiri wake Jumapili, maana mkwe na baba mkwe hawapandi gari moja wakakaa wakigusana magoti juu ya magunia. Njiani Minza alianza kuongea nami kidogo. Nilimwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, mtu akishikwa kichwa anaeleza nini?" Hakusema amenisamehe. Nami sikumuuliza tena.

Jioni Gaspari aliwaita waumini akawaeleza. Mama Yustina alisikiliza mdomo wazi. Alipoelewa, alikaa chini, akavuta upindo wa kanga akajifunika kichwa chote. Kisha akaenda kwa Minza na kuku wake mkubwa, akasimama mlangoni kwake mpaka alipofunguliwa. Walichosemezana sikijui.

Jumapili mvua ilianza kabla ya kengele. Mvua ya Katavi haina adabu. Inapiga bati mpaka mhubiri anaonekana anatafuna tu. Tuliimba, tukasoma, tukaimba tena. Mzee hajaonekana. Gaspari akarefusha mahubiri, akaomba msamaha mbele ya kanisa zima kwa sauti ya kupigana na mvua, akalia, akajifuta. Mzee bado. Nikawaza lile korongo tulilokwama. Nikamwaza mzee wa umri ule juu ya pikipiki kwenye tope lile.

Mvua ikapungua. Haikuwezekana kungoja zaidi. Minza akabatizwa yeye kwanza, akainuka maji yanamtiririka usoni, akapewa mtoto. Gaspari akachota maji kwa kiganja. Alijua, sote tulijua, lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Minza alimwangalia mwanawe. Midomo yake, yenye kidonda bado, ilikuwa imefungwa. Tulisikia maji yanadondoka kutoka kwenye kiganja cha Gaspari kwenda sakafuni. Mama Yustina alikuwa ameshika mkono wangu, ananiumiza. Nilisema moyoni, sasa itakuwa nini?

"SEBA!"

Nusu ya watu waliruka kutoka kwenye mabenchi. Sauti ilitoka dirishani, nyuma ya mgongo wa Minza. Mzee alikuwa amesimama nje, hakuingia, kwa sababu hakaribiani na mkwe chini ya paa moja. Kofia ya pama ilikuwa inamwaga maji kama mlizamu, na tope lilikuwa limempanda mpaka kifuani.

Na watu, ambao jana yake jioni walikuwa wamefundishwa kwamba neno hilo kwa Kisukuma ni Mungu, Bwana, wakaitikia kwa kishindo, "AMINA!"

Mzee alishtuka kuliko sisi. Akasogea, akashika kizingiti cha dirisha, akarudia, safari hii kama anabishana nao. "Seba!"

"Amina!"

"Seba, mwana wa Masanja!"

"Amina!"

Gaspari alimwaga maji yale kichwani mwa mtoto, mengine yakamwingia kwenye mkono wa koti. Mtoto akapiga kelele. Minza alikuwa ameziba mdomo kwa kanga kama siku ile ya zoezi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Nilipoinama nikaona anacheka, anacheka mpaka machozi, huku amempa mgongo baba mkwe wake kwa heshima zote.

Baada ya ibada mzee alipewa kigoda nje, chini ya upenu wa bati, na sahani kubwa ya wali na yule kuku wa mama Yustina. Minza alikula kwa mama Yustina, upande wa pili. Mjukuu alikuwa miguuni mwa babu yake, amelala, kichwa bado kimelowa. Nikaenda kumuaga, maana lori langu lilikuwa linapiga honi.

"Mayu," akaniita, yaani mama, "wewe ni mwalimu wa majina. Wale watu walisema amina kwa nani? Kwa Mungu, kwangu, au kwa mtoto?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Mzee akachukua paja la kuku, akaliangalia pande zote mbili.

"Si kitu," akasema. "Walisema mara tatu. Inatutosha wote."